Sahihi Tano za Jumatano

Kitu cha kwanza alichokiona msichana wa usafi ni wino wa bluu kwenye kidole gumba cha mama wa maktaba, aliyekaa kiti cha mbele yake ndani ya basi. Wino huo aliujua. Kila Jumatano ndiye aliyeufuta ubaoni, kule maktaba.

"Mama, kile kipindi cha kusaidiwa kuandika bado kipo?" aliuliza kijana wa chuo aliyeketi kando ya mama.

"Keshokutwa, Jumatano, huenda ndiyo mwisho, mwanangu. Wakubwa wanataka sahihi tano kwenye daftari la mahudhurio, la sivyo wanakifunga. Wiki iliyopita walikuja wawili, na mmoja alikuwa anatafuta choo."

"Tunaona aibu, mama. Ukionekana pale, wenzako wanajua umekwama."

"Na ukifeli hawajui?"

Kijana akacheka, akashauri kipindi kihamishiwe ghorofani, kwenye kona yenye giza. Mama akamwambia yeye anafundisha watu, hafugi popo. Wakabishana hivyo njia nzima, kwa upole, na hakuna aliyegeuka nyuma.

Msichana aliukumbatia mfuko wake. Ndani mlikuwa na daftari lenye Jumatano kumi na moja, kwa mwandiko wake. Shule aliishia darasa la tano, na daftari la mahudhurio hakuwahi kudhani linamhusu.

Basi liliposimama chuoni, mama alinyanyuka. Msichana akamgusa mkono.

"Samahani, mama," akasema. "Ubao huwa siufuti mpaka nimalize kunakili. Mimi huwa nakuja."