Jina la Tumu

Feri ya Likoni ilikuwa haijaondoka, na mama wa buibui alishaanza kumhadithia mama wa bara aliyekutana naye pale pale. Mimi nilijifanya naangalia maji.

"Mume wangu baharia. Safari hii kaja na gemu ya televisheni, ya magari ya kushindana. Zamu ya mke mwenzangu huipeleka kwake kule Shika Adabu, zamu yangu huileta kwangu. Ni haki, sikatai." Asiyekataa hasagi meno vile. "Lakini kila nikiiwasha, wa kwanza pale juu kwenye orodha ya washindi ni jina lake huyo mwenzangu, Tumu! Nyumbani mwangu, dada! Na mchezo wenyewe upuuzi mtupu, kigari kikigusa ukuta kidogo tu, chalipuka."

"Kumbe na wewe unacheza?"

"Mume akenda kuswali tu, naishika. Jana wali uliniungulia, lakini nilifika wa tatu."

Mama wa bara akacheka. "Si ulifute tu hilo jina?"

Feri ikagusa ng'ambo, watu wakasimama. Mama wa buibui akajitanda vizuri.

"Pa kulifutia napajua. Wallahi silifuti. Nataka zamu yake ifike, aiwashe, alione likiwa la pili."