Bi Simama wa Wodi Tano

DADA: Haloo? Haloo, unanisikia?

BI SIMAMA: Nani mwenzangu? Mama?

DADA: Ni mimi, dada yako. Simu yangu imezima, nimechukua ya mama.

BI SIMAMA: Dada, umenitoa roho. Nimeona jina la mama linawaka, nikajua basi tena.

DADA: Basi tena nini? Mama huyu hapa, mzima, ananipigia kelele tangu asubuhi. Na hujaniamkia.

BI SIMAMA: Shikamoo dada.

DADA: Marahaba. Mbona sauti imekukauka? Uko wapi, kama mtu aliye ndani ya pipa?

BI SIMAMA: Stoo ya mashuka. Wodi ya upasuaji. Ni mapumziko ya mchana.

DADA: Unakula stoo?

BI SIMAMA: Sili.

[mtandao unakwaruza]

DADA: —ndiyo maana nimepiga, leo ndiyo siku uliyosema. Wiki tatu tangu awekwe chuma cha nyonga. Jumapili ulimsimamisha mwenyewe, ukasema leo zamu yangu, asimame ahesabu mpaka kumi. Fremu ya kutembelea ninayo. Kiti kiko nyuma yake, nimekibana na ukuta. Viatu vya mpira amevaa. Sasa nielekeze, nisije nikamvunja upya—

BI SIMAMA: Asisimame.

DADA: Unasemaje?

BI SIMAMA: Leo asisimame. Mrudishe alale.

DADA: Alale? Haloo, mtandao huu... umesema alale?

BI SIMAMA: Umesikia vizuri.

DADA: Hebu ngoja. Mtaalamu wa viungo ni wewe au ni mimi? Wodi tano za hospitali hiyo zinakuita Bi Simama. Wagonjwa wakisikia viatu vyako wanajifanya wamelala. Halafu leo, wewe, Bi Simama—

BI SIMAMA: Usiniite hivyo.

DADA: Si jina lako? Jumapili umenifokea mbele ya jirani, eti namdekeza mama. Ukasema kitanda kinaua. Ukahesabu kwa vidole: vidonda mgongoni, makohozi kifuani, damu kuganda miguuni—

BI SIMAMA: Nakumbuka nilichosema!

DADA: Haya. Usinipigie kelele, mimi nimeuliza tu. Mama anasema, mwambie huyo nimechoka, mijusi wa darini sasa nawajua mmoja mmoja na ndoa zao.

BI SIMAMA: Dada.

DADA: Mm.

BI SIMAMA: Mama anasikia?

DADA: Hapana, simu iko sikioni. Kwa nini?

BI SIMAMA: Toka nje kidogo.

DADA: Siwezi kumwacha, amekaa ukingoni mwa kitanda. Nasogea dirishani. Sema. Umefukuzwa kazi?

BI SIMAMA: Bado.

DADA: Bado? Wewe, unanitisha. Sema.

BI SIMAMA: Kuna mzee... si mzee, umri wa shemeji yangu. Fundi seremala. Kitanda cha kumi na moja. Alipasuliwa utumbo juzi. Jana nilimkalisha, hakuwa na shida. Tukataniana. Akaniambia, kesho ukinisimamisha nitakuchongea stuli.

DADA: Ee.

BI SIMAMA: Leo saa tatu asubuhi nikamsimamisha.

DADA: Akaanguka?

BI SIMAMA: Hakuanguka. Nilimshika.

DADA: Sasa—

BI SIMAMA: Alisimama vizuri, dada. Akapiga hatua, akacheka. Halafu akaniangalia, akasema, "Bi Simama, hewa." Basi. "Hewa." Midomo ikawa bluu. Nikamkalisha chini, nikapiga kelele wakaja na kila kitu, tukamkandamiza kifua kwa zamu dakika arobaini. Arobaini na zaidi. Mikono yangu hadi sasa—

DADA: Haloo? Upo?

BI SIMAMA: Nipo.

DADA: Akafa.

BI SIMAMA: Mm.

DADA: Pole mdogo wangu. Pole sana. Ila watu wanafariki hospitalini, wewe si Mungu. Siku yake—

BI SIMAMA: Usiseme siku yake.

DADA: Nakufariji.

BI SIMAMA: Ilikuwa damu iliyoganda. Daktari anasema hivyo, na mimi nilijua kabla hajasema. Inaganda mguuni, kwenye shavu la mguu. Mtu akisimama inaweza kung'oka, inakwenda mapafuni, inaziba. Ndiyo hiyo niliyokuwa nahesabu kwa vidole mbele ya jirani yako.

DADA: Ungejuaje? Huna macho ya kuona ndani ya nyama.

BI SIMAMA: Aliniambia.

DADA: Nani?

BI SIMAMA: Yeye mwenyewe. Alisema, huku nyuma ya mguu kunanivuta, nadhani nimelalia vibaya. Nikabonyeza. Haukuwa umevimba, au ulikuwa umevimba kidogo, sijui, nimejiuliza mpaka sijui tena niliona nini. Mapigo ya moyo yalikuwa juu, mia moja na kumi na mawili. Nikasema ni maumivu ya kidonda. Nilikuwa na watu kumi na tisa kwenye orodha, dada. Mwenzangu ameacha kazi mwezi wa pili, hajaletwa mwingine. Wa wodi ya mifupa wananisubiri, kule chumba cha mahututi kuna mama hawezi kutoa makohozi nisipompigapiga mgongo. Nikasema, twende, fundi, simama.

DADA: Wewe ulifanya kazi yako.

BI SIMAMA: Kuna sindano. Mtu aliyepasuliwa anachomwa kila siku ili damu isigande. Daktari aliiandika. Karatasi ya dawa ina visanduku, nesi akichoma anatia sahihi. Visanduku viwili vitupu. Jana na juzi. Dawa iliisha stoo ya famasi.

DADA: Ndiyo! Si hao hapo! Sasa wewe unalia nini, kosa ni la—

BI SIMAMA: Sikuifungua ile karatasi.

DADA: Si kazi yako kuchoma sindano.

BI SIMAMA: Kazi yangu ni kuitazama kabla sijamtoa mtu kitandani. Kila siku naitazama. Leo sikuifungua. Nimeifungua yeye akiwa ameshafunikwa.

[mtandao unakwaruza]

DADA: —nasema, umemwambia nani hayo?

BI SIMAMA: Wewe.

DADA: Mwingine?

BI SIMAMA: Sista mkuu ameniita pembeni. Kanishika bega kama mtoto wake. Akasema, saa tisa kuna kikao, andika maelezo mafupi, mgonjwa alisimamishwa kwa utaratibu, hali ikabadilika ghafla. Habari za visanduku niwaachie wao.

DADA: Na mguu?

BI SIMAMA: Mguu hajui. Hakuna anayejua.

DADA: Basi nisikilize mimi mkubwa wako. Aliyeondoka hatarudi. Wewe una watoto wawili na mama mgonjwa. Andika hayo mafupi.

[karatasi zinachakarika]

DADA: Haloo?

BI SIMAMA: Nimeshaandika, dada. Marefu.

DADA: Umeandika nini?

BI SIMAMA: Sindano. Na mguu. Na mapigo. Na karatasi ambayo sikuifungua.

DADA: Yaani umejitia kitanzi kwa mkono wako mwenyewe! Wewe una akili—ngoja. Ngoja, mama... [mbali] Mama, nakuja, ni mambo ya kazini kwake... hapana, haumwi... [karibu] Anauliza unaumwa nini. Anasema amesikia sauti yangu.

BI SIMAMA: Mwambie siumwi.

DADA: Nimemwambia. Haamini. Anasema yeye anasimama, nimshike au nisimshike.

BI SIMAMA: Dada, mzuie!

DADA: Nimzuie mpaka lini?

BI SIMAMA: Sijui.

DADA: Nakuuliza kweli, si kwa ubishi. Mgongo umeanza kuwa mwekundu pale chini, sikutaka kukwambia. Na jana alikohoa hadi nikaamka. Nimlaze mpaka lini? Wewe ukiogopa, mimi cherehani ndiyo ninayoijua, nitafanyaje?

[kimya kirefu]

DADA: Mdogo wangu?

BI SIMAMA: Dawa zake za kuzuia damu kuganda. Vidonge vyeupe, kimoja kila siku. Amemeza leo?

DADA: Amemeza, asubuhi, mbele yangu.

BI SIMAMA: Jana?

DADA: Jana pia.

BI SIMAMA: Usiniambie tu. Chukua karatasi ya vidonge, uangalie.

DADA: Haya... ngoja... ninayo. Vilikuwa thelathini. Vimebaki tisa. Siku ishirini na moja. Hajaruka hata siku moja.

BI SIMAMA: Hesabu tena.

DADA: Tisa. Nimekwambia tisa.

BI SIMAMA: Sawa. Chukua futi yako ya kupimia nguo.

DADA: Iko shingoni.

BI SIMAMA: Pima mashavu ya miguu, yote mawili. Ushuke vidole vinne chini ya goti, mguu huu na huu, pasipishane. Usikaze futi.

DADA: Weka mguu hivi mama... Anasema simshonei suruali... Wa kushoto thelathini na moja.

BI SIMAMA: Wa kulia? Ule uliopasuliwa?

DADA: Thelathini na moja... na nusu.

BI SIMAMA: Nusu?

DADA: Nusu, ndiyo. Nusu sentimita. Ni mbaya? Ongea basi!

BI SIMAMA: Siyo mbaya. Upande wa oparesheni huwa hivyo. Mguse kwa nyuma ya kiganja. Kuna joto upande mmoja?

DADA: Hapana. Yote ya baridi. Anasema mikono yangu ndiyo ya moto.

BI SIMAMA: Bonyeza katikati ya shavu. Taratibu. Mwangalie usoni, siyo mguuni.

DADA: Hajakunja uso.

BI SIMAMA: Kifua? Anahema vipi?

DADA: Anahema wakati ananisema. Hajapumzika hata kidogo.

BI SIMAMA: Weka simu kwenye spika. Iweke kitandani.

DADA: Nimeweka. Anasema, habari yako Bi Simama.

BI SIMAMA: Shikamoo mama. Dada, simama upande wa mguu uliopasuliwa. Mkono mmoja mgongoni, mwingine kwapani. Usimvute mkono. Miguu yake irudi nyuma kidogo, chini ya magoti. Ainame mbele, pua ipite vidole vya miguu. Asukume kitanda kwa mikono, akishanyanyuka ndipo ashike fremu.

DADA: Pua mbele, mama. Mbele zaidi. Haya—moja, mbili—

BI SIMAMA: Polepole.

DADA: Uwii—hapo, hapo—

BI SIMAMA: Dada? Dada!

[mtandao unakwaruza]

BI SIMAMA: Dada! Amefanya nini? Anahema? Mwangalie midomo! Haloo!

DADA: Amesimama.

BI SIMAMA: Midomo yake.

DADA: Ni midomo yake ya siku zote, inanitukana. Amesimama, wewe! Wima! Anahesabu mwenyewe, unamsikia? Tano... sita... anatetemeka magoti.

BI SIMAMA: Magoti ni sawa. Hewa?

DADA: Hewa ipo. Tisa. Kumi. Kaa sasa mama... Hataki. Kumi na moja—

BI SIMAMA: Mkalishe. Dada, mkalishe, tafadhali.

DADA: Amekaa. Anacheka. Jasho linamtoka. Anauliza umeona?

BI SIMAMA: Mwambie nimeona.

DADA: Anauliza mbona mtaalamu analia.

BI SIMAMA: Nitarudi jioni. Usimsimamishe tena mpaka nifike. Kila saa achezeshe vifundo vya miguu, juu chini, mara ishirini. Na usimlalishe chali, huo wekundu nitautazama.

DADA: Sawa. Nimetoa spika. Sikiliza, kuhusu kile kikao—

BI SIMAMA: Kuna mtu anagonga mlango.

DADA: Bado hujampa mtu hayo maelezo, au sivyo? Unaweza kuyachana—

BI SIMAMA: Subiri. [mbali] Naam, sista... Ameshaambiwa? Na daktari?... Ananitaka mimi? [karibu] Dada, ni mke wa fundi. Amefika tangu saa sita. Wameshamwambia, ila anataka kumwona aliyekuwa naye.

DADA: Usiende! Mwache daktari azungumze naye. Akikuvaa mwilini je? Wewe ukae humo humo ndani—

BI SIMAMA: Yuko hapa mlangoni.

DADA: Kata simu basi! Kata, utanipigia.

BI SIMAMA: Baadaye, dada. Msalimie ma—

[kishindo cha simu kuwekwa, haijakatwa]

DADA: Haloo? Haloo, hujakata.

BI SIMAMA: [mbali] Ndiyo, mama. Ni mimi.

DADA: Wewe, simu iko hewani.

BI SIMAMA: [mbali] Kaa hapa, juu ya mashuka, ni masafi... Ndiyo. Mimi ndiye niliyemsimamisha.

[mwanamke anauliza kitu, hakisikiki]

BI SIMAMA: [mbali] Nne. Alipiga hatua nne, akacheka... Hapana, mama, hakuanguka. Nilikuwa nimemshika. Kuna jambo lingine, nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa mtu. Asubuhi aliniambia mguu unamvuta—

DADA: [kwa sauti ya chini] Hapana mama, si chochote. Bado yuko kazini.

[simu inakatwa]