Vitumbua vya Mwari

Asubuhi moja ya mwaka 1932, mashua ya abiria ilipoondoka Magogoni kwenda Kigamboni, Bi Hamdiya alitega sikio. Mama mmoja wa Kariakoo, kapakata kikapu cha vitumbua, alikuwa akimlalamikia bibi kizee aliyeketi naye. "Mwanangu kagombana na mumewe, kakimbilia kwa somo yake, huko Kigamboni. Mimi niliyemzaa hakunipitia hata kwa salamu!"

"Si wewe uliyemkabidhi kwa somo, amfunze uliyoona haya kuyasema?"

"Nilimtoa afundwe, bibi. Sikumgawa!"

Bi Hamdiya, aliyekwisha kuwafunda wari saba, alijifanya anatazama maji.

"Mpelekee vitumbua vyake," bibi alisema kwa upole. "Lakini piga hodi."

"Nipige hodi kwa mwanangu?"

Mashua ikagusa mchanga. Mama yule alikuwa wa kwanza kushuka, kikapu kakifunika kwa kanga, vitumbua visipoe.