Papa Kasika na Zile Lunette Tatu za Kalembe

Tarehe 30 mwezi wa sita 2014, Papa Kasika Lévi anaacha kazi ya mulinzi wa mashamba ya koperative yetu ya Kalembe, nyuma ya miaka makumi mbili na sita. Alianza akiwa na nywele. Anapumzika akiwa na kofia.

Alizaliwa Ntoto, mu pori ya Walikale, mu jamaa ya wawindaji. Kwetu alipewa kazi moja: kuzuia nguruwe ya pori isikule mahindi na maharagi. Musicheke. Hii miaka ya vita watu wanapanda, wanakimbia, na wakirudi wanakuta nguruwe imekwisha kuvuna. Nguruwe haikimbii vita.

Alitumika na karabini moja, bunduki ya kuwinda, yenye karatasi zake zote. Ku kila barrière ya askari barabarani alionyesha ile karatasi, hata pale askari waliisoma juu chini, na akapita.

Alikuwa na desturi ya wazee wake: mbele ya kufyatua, anapiga muluzi mufupi. Papa Evode, président wetu, alimukataza mara mingi. Alisema muluzi unafukuza nyama ya pori. Kasika akajibu: «Nyama itasimamisha masikio. Muntu atajibu.» Na ni kweli, hii miaka watu wanalala mu mashamba sawa nguruwe, na wengine wanatembea pale wameinama. Lakini Papa Kasika hakuwa na unyenyekevu wa kueleza mara mbili. Alisema tu vile, akaenda.

Mu 2012 macho yake yakaanza kuzeeka. Jioni moja aliua kisiki. Juma iliyofuata akakiua tena. Ndipo comité ya koperative ikaamua kumununulia lunette, ile darubini ya kuweka juu ya bunduki. Barthélemy, mufanyabiashara wa Butembo mwenye duka hapa, akaleta tatu, achague moja.

Ya kwanza ilikuwa fupi, inavuta karibu kidogo tu. Ya pili iko na nukta nyekundu ndani, na inakula pile, betri ndogo ya mviringo ambayo inapatikana Goma, barabara ikiwa wazi. Ya tatu ilikuwa ndefu sawa muchi wa kutwangia, muzito, inavuta kilima kizima mpaka ku pua yako.

Walienda kuzijaribu upande wa Masisi, ku malisho, mwangaza wa saa ine, hakuna muti. Wanaume peke yao. Kwa ile ndefu Papa Kasika aliona ng'ombe ku kilima cha ng'ambo, akahesabu chuchu zake. Papa Evode naye akataka kujaribu. Alibandika jicho ku kioo, akafyatua, bunduki ikarudi nyuma na kile chuma kikamupasua nyusi. Mu mukutano alisema alianguka ku ngazi. Ofisi yetu haina ngazi.

Wakachagua ile ndefu. Barthélemy akarudi Butembo na zile zingine, na barabara ikafungwa nyuma yake sababu ya vita.

Sasa musikilize akili ya wanaume. Walichagua Masisi, kwenye wazi, kitu cha kutumika upande wa Walikale, kwenye mashamba yetu yanapakana na pori. Ku upande ule muntu haoni kilima. Anaona majani. Na lunette ndefu inamuonyesha jani moja, vizuri sana.

Jioni moja ya mvua, kando ya pori, Papa Kasika aliona kitu cheusi kimeinama mu mahindi, kinachuma. Akaangalia mu ile lunette. Weusi ukajaza kioo chote, hakuna kichwa, hakuna muguu. Akasema mu roho: nguruwe, na iko munene. Akaweka kidole. Kisha akapiga muluzi.

Nguruwe ikamujibu: «We Kasika, mupumbafu! Unanipigia muluzi sawa mbwa?»

Ile nguruwe ni mimi ninayeandika hii, Emérita wa cuisine, mupishi wa koperative, na koti yangu nyeusi ya mvua, nachuma lengalenga, mboga ya kupika. Nilikuwa bado natukana wakati aliachia bunduki chini, akatoka mu miti na kukaa mu matope. Aliomba maji. Nilimupa. Kisha nikaona bunduki, nikaelewa, nikaanza matusi upya, kwa utaratibu.

Kesho yake alifungua lunette, akaitia mu gunia, akalinda kwa ngoma na kupiga kelele mpaka barabara ilifunguka. Nguruwe zilikula sehemu yao. Hakuna muntu aliyelalamika, nilikuwa nawaangalia.

Barthélemy aliporudi, Kasika alikataa kwenda ku malisho. Alisubiri jioni, akaniomba nivae ile koti na kuinama mu mahindi. Karabini ilibaki ku ofisi. Alishika lunette tupu mu mukono, Papa Evode pembeni yake.

Kwa ndefu akasema: «Weusi.» Kwa ya pili akasema: «Weusi, na nukta nyekundu juu ya Mama Emérita.» Hiyo sikuipenda. Kwa ile fupi alikawia kidogo. Akasema: «Koti. Kitunga. Miguu mbili na kandambili ya bluu. Anakasirika.» Akaiweka mu mufuko bila kuuliza président.

Toka ile siku mahindi yetu yamefika ku depo, na hakuna mama aliyebebwa toka shamba sababu ya risasi ya Kasika. Asante, Papa Kasika. Asante kwa ule muluzi kupita yote, maana lunette zinauzwa.

Kazi inabaki kwa Wivine, mutoto wa dada yake. Mwezi muzima alimufundisha muluzi mbele ya kumugusisha bunduki. Tunakubali.

Mzee, rudi Ntoto na amani, Mungu akupe njia wazi, mihogo mingi na vita mbali. Lakini usikae sana bila kutusalimia. Ukipita kando ya shamba ukiona kitu cheusi kimeinama, piga muluzi. Nitakutukana. Utajua kama ningali muzima.

Mama Emérita, cuisine ya koperative