Marehemu Brashi, Aliyefungua Milango ya Maduka Yaliyofungwa

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni dada mkubwa wa marehemu. Nimepewa kazi ya kusoma wasifu huu kwa sababu wanawe wamesema wakiusoma wao watashindwa kufika mwisho, na mama yao amesema nikiusoma mimi hakuna atakayesinzia. Kiongozi wa ibada aliuona jana akasema una makali kidogo. Tulimwambia ndivyo tulivyokusudia, na kwa kuwa umeshachapwa kwenye programu mliyoishika mkononi, haufutiki tena.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1959, hapa hapa mjini, katika chumba cha nyuma cha karakana ya baiskeli ya baba yetu, jirani na stesheni. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano. Alipokuwa na miaka sita aliokota mabaki ya rangi ya kijani, akaipaka baiskeli ya baba yote, fremu, pedali na kiti. Baba aliipanda alfajiri bila kuitazama, akaenda stesheni na kurudi, na suruali yake ikawa gumzo la mji kwa wiki nzima. Sote tulijua mtoto atakiona cha mtema kuni. Baba aliizunguka baiskeli yake, akainama, akasema kingo zimepakwa vizuri. Jioni alimletea brashi ndogo. Kuanzia hapo akaitwa Brashi, na hata mwalimu mkuu alisahau jina lake la kwenye daftari la mahudhurio.

Alisoma shule ya msingi ya hapa kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, kisha sekondari kwa miaka miwili, akaacha baba alipoanza kuugua macho. Dawati moja alikaa na mtoto wa karani wa posta, ambaye leo nyote mnamfahamu kwa cheo chake, Mwenyekiti. Walikuwa chanda na pete. Mwenyekiti alikuwa msemaji, ulimi wake ungeweza kumtoa nyoka pangoni. Brashi alikuwa mtu wa vitendo. Mmoja aliahidi, mwingine akatimiza, na mgawanyo huo wa kazi uliendelea utu uzima wao wote bila kumchosha Mwenyekiti hata siku moja.

Mwaka 1976 marehemu alikwenda mji mkubwa kujifunza uchoraji wa mabango. Aliporudi mwaka 1979 alipanga chumba kando ya duka la mikate, na ndani ya miaka michache hakukuwa na bango Barabara Kuu ambalo halikupita mikononi mwake. Saluni, duka la vifaa vya ujenzi, fundi saa, ofisi ya posta, zote zilikuwa zake. Alikuwa mpole, ila mteja akimwambia aharakishe alishuka kwenye ngazi, akaosha brashi, akaenda kunywa chai.

Bango lake maarufu zaidi nyumbani kwetu ni la mshonaji mmoja aliyelirudisha mara tatu akidai herufi zimepinda. Nilikwenda kuliangalia mwenyewe, na herufi zilikuwa zimenyooka kama reli. Wifi yangu anajua kwa nini alilirudisha, na leo namsamehe kucheka. Walifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1984. Msimamizi wa bwana harusi alikuwa Mwenyekiti, aliyetoa hotuba nzuri mpaka mama yetu akalia. Mungu aliwajalia watoto wanne.

Mnajua yaliyoupata mji huu baadaye. Treni iliacha kusimama, kiwanda kikafungwa, na wenye maduka wakaondoka mmoja baada ya mwingine. Kila aliyeondoka alimwachia Brashi ufunguo, kwa sababu alikuwa mtu ambaye ungemwachia hata mtoto mchanga. Mwaka 2009 yeye na Mwenyekiti waliwakusanya watu wa kujitolea. Walikuwemo mwalimu mstaafu, muuguzi, wifi yangu na mimi niliyekokotwa. Mwenyekiti aliongoza vikao. Brashi alileta wazo.

Wazo lenyewe lilikuwa hivi. Kila Jumamosi tulifungua milango ya maduka yaliyofungwa. Tulifagia, tukaosha vioo, Brashi akafufua mabango, na mbele ya kila duka tukaweka kiti na mtu wa kukikalia. Wifi alihamishia cherehani yake kwenye duka la mikate. Mwalimu alisahihisha madaftari ya wajukuu zake mbele ya saluni. Basi likipita, abiria waliona mji ulio hai, badala ya mstari wa makufuli. Lakini Brashi aliweka sharti moja, na hakutaka mjadala juu yake. Rafu zibaki tupu. Mtu akiuliza mkate, aambiwe ukweli, kwamba mkate bado haupo, ila kiti kipo na maji ya kunywa yapo.

Tulichekwa sana. Wengine walisema tunafungulia vumbi lipate hewa. Hata hivyo, baada ya mwaka dereva wa basi la asubuhi alianza kusimama. Kinyozi mmoja alishuka kunyoosha miguu, akauliza chumba, na mpaka leo yupo. Akafuata mwuza miche, kisha fundi redio. Wote walikuta rafu tupu na wakaambiwa ni tupu, wakaja hivyo hivyo. Mdogo wangu alijivunia jambo hilo kuliko kitu kingine chochote alichofanya, na mimi niliyekokotwa nilijivunia naye.

Mwezi Juni mwaka 2016 Mwenyekiti alikuja na habari kwamba maofisa wa taa za barabarani watatutembelea Jumatano. Alitaka milango yote iwe wazi. Safari hii alitaka na rafu zijazwe vitu kutoka majumbani mwetu, na sisi wenyewe tupitepite na vikapu. Brashi alikataa. Mwenyekiti alimshika bega, nikiwa nimesimama pale pale, akamwambia, "Brashi, siku moja tu. Ukinikatalia wewe, mimi niende kwa nani?" Mdogo wangu hakuwahi kumkatalia mtu huyo kitu tangu darasa la kwanza. Alikubali, akapaka upya bango la jengo la kona, jengo la urithi wa Mwenyekiti.

Jumatano alikuja mama mmoja na kijana wake. Mwenyekiti alijitia ana simu ya dharura, akamwomba Brashi awatembeze. Aliwatembeza barabara nzima. Yule mama alimuuliza kama kweli watu wapo. Brashi, akidhani anawaombea watoto wa mji huu taa, akamjibu kwamba watu wapo, na waliobaki hawaondoki.

Yule mama hakuwa ofisa wa taa. Alikuwa mfamasia aliyestaafu, anayetafuta jengo la kufungua duka la dawa. Alilinunua jengo la kona kwa kiinua mgongo chake chote. Kabla mwezi haujaisha Mwenyekiti alikuwa ameingia mitini, yeye na mkewe na makochi yao, bila kumuaga hata bwana harusi aliyemsimamia. Tulipata habari kwa dereva wa lori.

Mfamasia huyo ndiye Mama Dawa wetu. Siku ya kwanza alipofungua, Barabara Kuu ilikuwa na kufuli karibu kila mlango, maana ilikuwa Jumatatu. Alitembea mpaka chumbani kwa Brashi, akamkuta kwenye ngazi, akasema mbele ya watu, "Yule Mwenyekiti wako nisingemwamini hata kidogo. Nimenunua kwa sababu ya uso wako." Brashi alishuka. Alijaribu kueleza, na kila alichoeleza kilizidi kumtia hatiani, kwa kuwa ni yeye aliyetembeza, ni yeye aliyepaka bango, na funguo zote zilikuwa kwake.

Mji ukafanya hesabu zake. Watu walewale aliowapakia mabango kwa mkopo walisema naye alikula. Hawakusema kwa sauti. Walianza kupunguza salamu. Jumamosi iliyofuata tulikuwa sita, iliyofuata watatu, halafu mdogo wangu na mkewe. Mpo hapa, mliovaa vizuri leo, mliompa kisogo mtu huyu njiani. Sitawataja, mnajijua, na chai mtakunywa kama wengine.

Alikwenda kwa Mwenyekiti mara mbili. Mara ya kwanza alirudi bila kuipata nyumba, ya pili nilifuatana naye. Tulipofika kwenye nyumba yake ya mji mkubwa, Brashi alisimama nje muda mrefu akilitazama geti. Alilipaka yeye mwenyewe mwaka uliotangulia, Mwenyekiti alipomwambia ni la mpwa wake. Kwa hiyo wakati sisi tunafagia maduka ya watu, mwenzetu alishajenga, na mdogo wangu ndiye aliyemtilia nakshi ya mwisho bila kujua. Alibonyeza kengele.

Tulikaribishwa vizuri, chai ikaletwa na vitafunio. Brashi hakumlaumu. Alimwambia, "Sitaki chochote chako. Njoo Jumamosi moja tu, simama mbele ya yule mama, useme Brashi hakujua. Basi."

Mwenyekiti aliangalia kikombe chake. "Ndugu yangu," alisema, "nikisema wewe hukujua, mimi nitakuwa nimejisema nini?"

Brashi alilifikiria swali hilo kana kwamba lilistahili kufikiriwa. Mimi nilikuwa nimeshasimama. Mwenyekiti alitusindikiza mpaka kwenye geti, akasema mambo haya hupoa yenyewe. Nawaambia hayakupoa. Mdogo wangu aliishi nayo miaka minane.

Aliendelea kufungua milango kila Jumamosi, yeye na wifi. Nilimgombeza, nikamwambia watu hawa hawamstahili, awaachie makufuli yao. Alinijibu kwamba akiacha kufungua, watasema alikuwa akifungua kwa ajili ya lile jengo.

Mwezi Februari mwaka huu wa 2024 kifua kilianza kumsumbua. Madaktari walisema ni mapafu, miaka mingi ya rangi na vimiminika vya kuiyeyushia. Dawa zake zote zilinunuliwa kwa Mama Dawa, kwa kuwa hakuna duka lingine la dawa. Mama Dawa alimpa wifi dawa, akamweleza jinsi ya kutumia, na hakuongeza hata pole. Simlaumu. Ningekuwa yeye, ningefanya vibaya zaidi ya hapo.

Mwezi Julai Mwenyekiti alimpigia wifi simu, akasema amesikia, na kwamba Jumapili atakuja kumwona mgonjwa. Brashi aliomba anyolewe. Kinyozi alikuja nyumbani, akamnyoa akiwa ameegemezwa mito, na wifi akamvalisha shati la kola. Alikaa hivyo mpaka jua likazama, kila gari likipita anageuza shingo. Aliponiona namtazama, akasema labda gari limeharibika. Nilitoka nje nikalia kwa hasira. Mtu huyo alimgeuka mdogo wangu akiwa mzima, akamgeuka tena akiwa kitandani hawezi hata kujigeuza mwenyewe, na mdogo wangu bado alimtafutia udhuru.

Ijumaa tarehe 9 Agosti, saa kumi na moja alfajiri, katika wodi ya wanaume ya hospitali ya wilaya, marehemu alikata roho akiwa na mkewe na binti yake mkubwa. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitano. Usiku uliotangulia alimwagiza binti yake ampelekee mwuza miche bango lake, limeshakauka.

Ametanguliwa na wazazi wetu na kitinda mimba wetu. Ameacha mjane, watoto wanne, wakwe watatu, wajukuu saba, dada wawili na kaka mmoja.

Ameacha pia rafiki. Tulibishana sana nyumbani kama tumweke kwenye orodha hii, na wifi ndiye aliyekata shauri. Alisema mumewe hakuwahi kumfuta, kwa hiyo na sisi hatuna ruhusa ya kumfuta.

Mwenyekiti, umekaa safu ya pili, na shada lako ni kubwa kuliko yote. Mama Dawa amesimama kule nyuma, amefunga duka kuja. Kwenye programu hatukukuwekea nafasi ya kusema, na hilo si kosa la mchapaji. Lakini nikimaliza kusoma nitakaa, na kabla jeneza halijashushwa hakuna jambo lingine lililopangwa. Wabebaji wameambiwa wasinyanyuke. Yeye hawezi kukusikia tena, hiyo nafasi uliipoteza Jumapili ile. Wanawe wanasikia, na Mama Dawa anasikia.

Mungu ampumzishe mdogo wangu. Sisi tumekaa, tunakusubiri.