Mama Mballa na Siku Mbili za Abeng

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja katika bustani yetu ya wanyama hapa Yaoundé, Mama Philomène Mballa anakabidhi funguo za banda la gorila.

Aliajiriwa kufagia njia. Mwaka wa pili likaletwa kapu, ndani yake mtoto wa gorila ambaye mama yake aliuawa na wawindaji. Daktari alimpa siku tano. Mama Mballa akamfunga mgongoni kwa kitenge, akaendelea kufagia. Akamwita Abeng, yaani mrembo, nasi tukacheka, maana alikuwa mifupa mitupu.

Abeng akapona, akawa mwizi hodari wa mihogo yetu ya mchana. Alipotimiza miaka minne ilibidi ahamie kwa gorila wenzake. Alilia ameng'ang'ania waya wa uzio. Mama Mballa akampa mgongo, akaingia stoo. Alipotoka macho mekundu alisingizia moshi. Stoo ile haina jiko.

Miaka kumi na moja baadaye Abeng alizaa, na hakujua kulea. Alimshika mtoto kichwa chini, akamlaza sakafuni, akaondoka. Mkurugenzi wetu wa wakati huo, Bwana Essomba, aliagiza mtoto achukuliwe, alelewe kwa chupa.

"Tukimchukua, naye hatajua kulea watoto wake," alisema Mama Mballa. "Nipe mpaka kesho jioni."

"Na akifa?"

"Andika jina langu."

Akamwita binti yake Odile, aliyekuwa na kichanga.

"Mama, mimi nimesomea uhasibu, si kunyonyesha gorila!"

"Humnyonyeshi, unamwonyesha. Kaa hapo, na usimfunike mwanao."

Odile akakaa mbele ya waya, ananyonyesha, ananung'unika. Abeng alitazama kwa mbali, kisha akasogea. Siku ya pili adhuhuri akamwokota mwanawe, akamgeuza mara mbili, akamweka kifuani. Mtoto akanyonya. Bwana Essomba alikuwa wa kwanza kupiga makofi, na wa kwanza kukemewa anyamaze.

Mwaka jana mtoto huyo, sasa gorila mzima, alizaa. Tulifika asubuhi tukamkuta ameshampakata mwanawe, ananyonyesha. Hakuna aliyemwonyesha ila mama yake.

Mama Mballa, ahsante. Banda liko salama. Nenda kapumzike kwa afya na furaha, nasi tunakuombea miaka mingi.