Kipande cha Saba cha Papa Jafari

Kabla ya kumsifu mwenye sherehe, mumjue kwanza anayeandika. Mimi Sefu, dereva wa chuo, ni mtu wa bahati. Nimefika Bujumbura, Kampala, na Brussels siku kumi na moja. Sijawahi kupoteza ufunguo, mwavuli wala jino. Hata uasi wa 1964 ulinikuta sina deni na mtu: kitabu cha chuo nilichoazima nilikuwa nimekirudisha siku mbili kabla. Wengine walipoteza nyumba. Mimi, bahati tupu.

Bon. Sasa mwenye sherehe. Papa Jafari Feruzi, mtunza vitabu wa idara ya Kiingereza, anastaafu tarehe 30 Juni 1995, baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi tisa ya kazi. Alipaswa kuondoka Desemba 1993. Akakataa. Juni 1994 tukamwandalia keki. Akala keki, akakataa. Sababu nitaieleza, maana Mama Binti, mkewe, amechoka kualika majirani kuja kumpokea mstaafu asiyefika.

Alianza Oktoba 1961, uhuru ukiwa na mwaka mmoja na miezi mitatu. Idara ilikuwa kabati moja, riwaya kumi na nne, na mwalimu mmoja, Monsieur Nicolas, Mbelgiji aliyetufundisha fasihi ya Kiingereza kwa Kifaransa. Uingereza aliiona mara moja, akiwa melini, na siku hiyo kulikuwa na ukungu. Wanafunzi tulikuwa saba. Nami nilikuwemo tangu mwanzo wa 1963, mwaka mmoja na nusu mzima, kwa hiyo nitakayosema hapa juu ya nadharia ya fasihi yapokelewe kwa heshima.

Kila riwaya ilikuwa nakala moja, na sisi ni saba. Papa Jafari, mtoto wa mshona viatu, alileta kisu cha baba yake akaikata kila riwaya vipande saba. Akavishona kwa uzi wa nyavu, akavigandisha kwa uji wa muhogo, akavivika majalada ya katoni za sabuni. Mende walivipenda kuliko sisi. Kila mwanafunzi alichukua kipande kimoja kwa wiki moja. Jumatatu unakitia ndani ya sanduku lililokuwa chini ya dirisha, unamwambia, naye jioni anaandika daftarini "kimerudi", kwa neno lako tu. Hakukagua sanduku. Alisema ukimhesabu mwanafunzi kama mbuzi, atasoma kama mbuzi.

Kwa hiyo mmoja alianzia riwaya kwenye harusi, mwingine kwenye matanga. Émilie, binti wa wavuvi wa Yanonge, alisoma mtu akizikwa, wiki tatu baadaye akamkuta anacheza karata. Hakushtuka. Alisema kwao hayo hutokea. Na tulipoulizwa mhusika mkuu ni nani, kila mmoja alimtaja yule aliyekutana naye kwanza, tukagombana hadi Monsieur Nicolas akaomba maji.

Mwisho wa Julai 1964 ikafika riwaya mpya: mjane mwenye shamba, daktari anamtaka, na shemeji yake, mdogo wa marehemu, naye anamtaka. Mimi nilipewa kipande cha saba, yaani mwisho wenyewe, ambao hata Papa Jafari alikuwa hajausoma. Jumatatu tarehe tatu Agosti mji ulikuwa umeanza kufunga milango. Nikapita dirishani na baiskeli: "Papa, cha saba iko ndani ya sanduku." Akaandika. Jumatano waasi wakaingia.

Papa Jafari aliendelea kuja kazini saa moja na nusu, na kravati yake shingoni. Wiki ya pili akaja afisa mmoja wa waasi, akaona kabati la Kiingereza. Siku zile Kiingereza kilikuwa Marekani, na Marekani, iliyoisaidia serikali, ilikuwa kifo.

"Muzee, hizi vitabu zinasema nini?"

"Chef, iko mujane. Wanaume wawili wanamutaka. Moja ni docteur, moja ni ndugu ya marehemu."

"Ndugu ya marehemu iko na haki."

"Ndiyo kesi yenyewe, chef. Ikala nikusomee."

Afisa akakaa. Papa Jafari alikuwa amejifunza Kiingereza akishona, ukurasa kwa ukurasa, kwa hiyo alimsomea na kumtafsiria. Kila Alhamisi kipande kimoja, bunduki juu ya meza. Afisa aliweka mlinzi mlangoni, na mji mzima ulipokuwa ukiporwa, kwetu haukupotea hata ukurasa. Ninaandika kwa uaminifu: katika historia ya idara, hakuna mwanafunzi aliyehudhuria vizuri kama yule.

Alhamisi ya saba Papa Jafari alifungua sanduku. Kipande cha saba hakikuwemo.

"Muzee, unanificha mwisho?"

"Nimeandika kimerudi, chef. Donc, basi, ni mimi nimepoteza."

Afisa akasema mwisho unaofichwa ni mwisho wa Wamarekani. Akamfungia stoo, akampa siku tatu kukumbuka kipande kiko wapi. Ya nne, ukuta na risasi. Jina la mwisho kwenye mstari ule wa daftari lilikuwa langu. Angelitaja tu, nami ningetafutwa. Hakulitaja. Alisema neno la mwanafunzi likishaandikwa ni la mtunza vitabu. Siku tatu hizo alizitumia kupanga upya kamusi za humo stoo. Asubuhi ya nne afisa akahamishiwa Basoko, akapanda boti na ufunguo mfukoni, na Mama Binti akaja kuvunja mlango kwa shoka. Ule mlango wa stoo wenye ubao mpya, ambao wageni huuliza habari zake, ni huo.

Mwaka 1965 darasa likafunguliwa tena na wanafunzi wanne. Wawili walikuwa wamekufa; majina yao Papa Jafari hajayafuta. Mimi nilikuwa nimekwenda kujifunza malori. Kwa kuwa mwisho haukuwepo, alimwambia kila mmoja aandike kipande cha saba chake. Hadidja alimpa mjane shemeji. Émilie hakumpa mtu. Alimfanya auze shamba anunue boti. Papa Jafari alivishona vyote vinne, na viko kabatini.

Mwaka 1978 akaja profesa wa nadharia kutoka Ulaya. Alikaa na vipande hivyo wiki mbili, akasema kwao ndiyo kwanza wanaanza kufundisha kwamba msomaji ndiye anayekimalizia kitabu. Papa Jafari akamjibu kwamba kwetu ilikuwa kukosa karatasi. Émilie ameandika tasnifu yake juu ya mambo hayo na leo ndiye mkuu wetu wa idara. Aliwahi kuniuliza mimi, niliyeshika mwisho wa kweli, ulikuwaje. Nikamwambia ulikuwa mzuri sana.

Basi, kwa nini haondoki? Mnajua desturi yetu ya remise-reprise: anayeondoka na anayeingia wanapitia kitu kimoja kimoja, kisha wanatia saini. Mara zote mbili Papa Jafari amefika mstari wa "riwaya ya mjane, vipande saba", akaweka kalamu chini. Anasema hawezi kukabidhi sita akaandika saba, wala kuondoka na aibu ya kupoteza kitabu cha watu. Kila Jumatatu, miaka thelathini na mmoja, anainama kuchungulia nyuma ya kabati. Magoti yake hayapendi tena.

Papa Jafari, asante kwa uzi, kwa uji wa muhogo, na kwa jina ambalo hukulitaja. Uende nyumbani Kabondo ukakae na Mama Binti, ule samaki wa moto, usome vitabu vyenye mwisho. Maisha mema yakufuate hadi mlangoni, na mlango usihitaji shoka.

Sasa ile bahati niliyojisifia pale juu. Si kweli. Brussels sijafika. Na Jumatatu ile sikutia kitu ndani ya sanduku. Kipande kilikuwa ndani ya shati langu, nilitaka kukimaliza. Njia ya Bengamisa, tukiwakimbia waasi, mvua ilitunyeshea, kuni zilikuwa mbichi, tulikuwa na watoto, nikakitumia kuwashia moto. Sikuwa nimefika hata ukurasa wa tatu. Papa, hukupoteza kitu, ni mimi. Andika sita, utie saini.